Mkono Ulioingia Kwenye Picha

Bondeni, Nakuru
9 Februari 2025

Mwanangu Najwa,

Amani iwe juu yako na juu ya Sundus, na Mola awape magoti mazuri kuliko haya yangu. Huku tu wazima. Binamu yako Jalal amepata mtoto wa kike, na jina bado linagombaniwa. Baba yako Bashir hajambo; anafungua duka, anafunga duka, na katikati amenuna kama kawaida yake. Hakukuulizia. Nakwambia ukweli usije ukasema shangazi alikupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Simu usinipigie. Masikio yangu siku hizi yanashika nusu ya maneno, na nusu yenyewe ndiyo isiyo na maana. Wala picha usinitumie kwa simu. Kwenye kioo kidogo kile mtu huishia kutazama uso tu. Niletee za karatasi kama ulivyofanya, kwa gari la vifurushi, na barua juu yake.

Haya, kazi. Nimezitandaza picha zako zote kwenye meza ya studio na kalamu nyekundu mkononi. Usilie. Marehemu mume wangu alinitoa machozi mwaka mzima kwa kalamu kama hii, na ndiyo maana nikaijua kazi.

Unapiga mchana, jua likiwa utosini. Yule dada wa gauni la manjano ana mashimo mawili pale macho yalipopaswa kukaa. Ngoja jioni, jua likilegea, uone watu wanavyogeuka kuwa wazuri bure. Halafu kijana wa watu ameotwa na mlingoti wa stima kichwani, na nyuma ya yule mama mwenye mtoto naona choo na suruali zimeanikwa. Mteja umtafutie mahali pasipo na kitu nyuma yake. Si una ziwa zima hapo Kamere? Wasogeze majini.

Na huyu anayeingiaingia ni nani? Hapa mkono, pale kivuli, na kwenye moja nusu ya uso, meno yote nje, anacheka. Naona ameshika leso kumkinga mteja jua. Nimemzungushia duara jekundu kila alipo. Mwambie asimame mbali. Msaidizi akionekana kwenye picha, hilo ni kosa, hata awe mzuri vipi.

Desturi ya studio yetu unaijua: makosa ya mwanafunzi hukaa kwa mwalimu. Hizi sitakurudishia. Zinaingia kwenye mkebe wa biskuti pamoja na zangu za ujana. Nawe zifute kwenye kadi ya kamera, usije siku ya njaa ukashawishika kuziuza.

Mbusu Sundus.
Shangazi yako,
Mastura


Karagita
16 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo, na Ramadhani iwe nyepesi kwako. Sundus amepoteza jino la mbele na anatangazia ploti nzima kwamba anafunga. Anafunga mpaka saa nne, kisha anadai chapati. Jalal mwambie ampe mtoto jina lako, ugomvi uishe.

Nililia kidogo, halafu nikafanya ulivyosema. Kazi ya kufunga maua nimeiacha kabisa. Sasa ni kamera tu. Wateja wangu ni wafanyakazi wa mashamba ya maua. Wakitoka kazini wanaoga, wanavaa, wanakuja ufuoni wapigwe picha za kutuma nyumbani, wazazi waone kwamba watoto wao wako mahali pazuri. Mmoja juzi aliniambia, "Madam, nipige moja kali, nikae ni kama niko majuu. Hizo gumboots usishow." Nikampiga kuanzia magotini kwenda juu. Ametangaza jina langu shamba lote.

Nimehama pale kwenye vibanda. Mbele ya mahali mitumbwi inapoegeshwa kuna ua wa zamani wa shamba la mzungu, nguzo zimepangana zinaingia ziwani. Hapo nyuma ni maji na mbingu, basi. Tunaanza jua likilegea, na mwanga ni ule wa asali uliokuwa ukinisimulia. Nimepata pia lenzi ya mtumba inayofuta kila kitu nyuma ya mtu. Wateja wanaipenda. Wakiona nyuma kumekuwa laini wanasema, sasa hii ndiyo picha ya studio.

Huyo mwenye mkono anaitwa Naliaka. Tulifunga waridi meza moja kabla hatujaacha kazi pamoja. Anawaremba wateja, kisha anasimama upande kushika kibao cheupe cha kurudisha mwanga usoni. Ni kifuniko cha boksi la maua, kile chepesi. Nilimsomea maneno yako akacheka mpaka akakaa chini. "Heri huyo shangazi anifute," akasema. "Mimi na kamera hatujawahi kusikizana." Ni kweli, nikimwelekezea hugeuza kisogo. Hata kwenye simu yake pale pa picha ameweka ua la waridi. Sasa anasimama mbali, kwenye mafunjo, maji yakimfika vifundoni. Za mwanzo nilizifuta zote.

Tuombee.
Najwa


Bondeni, Nakuru
13 Aprili 2025

Mwanangu Najwa,

Idi ilikuja na kupita bila wewe, na sahani yako niliiweka vilevile. Mtoto wa Jalal ameitwa Mastura, kwa hiyo sasa kuna wawili wa kulalamika nyumba moja. Baba yako alimaliza pilau, kisha akauliza kama Naivasha kuna misikiti. Nikamwambia aende akaone.

Picha hizi ni nzuri. Nimesema. Macho yamerudi vichwani, ngozi za watu zinang'aa, na yule wa gumboots angeweza kugombea ubunge. Msaidizi simwoni kabisa, hata kivuli. Hongera.

Lakini lenzi hiyo nimeichukia. Nyuma ya kila mtu ni uji. Hilo ni kosa la wanaojifunza wote: akishapata uso, anaona kazi imeisha, na kilichoko nyuma anakifuta ili asihangaike kukitazama. Mpiga picha hutazama nyuma kwanza, kisha pembeni, uso baadaye. Niletee picha ambazo nyuma kunaonekana.

Halafu kuna jiwe. Kushoto kwa dada mwenye kilemba cha bluu, ndani ya uji huo, naona jiwe jeusi majini. Kwenye picha za juma la kabla yake, mahali palepale, hakuna jiwe. Ulibadilisha ulipokuwa umesimama?

Funguo za studio ninazo mimi. Mlango ukifunguliwa unalia, lakini taa zinawaka. Fikiria.

Mastura


Karagita
8 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Najua nimenyamaza. Mvua ilinyesha kama imelipwa, barabara ya kuingia Kamere ikawa tope, na Sundus alishikwa na kikohozi. Sasa amepona na jino limeota. Idi njema iliyopita juzi. Nilimsikia muadhini wa mjini kwa mbali nikakumbuka pilau yako.

Hizi hapa, nyuma kunaonekana, kama ulivyotaka. Wateja walilalamika. Immaculate, yule mwenye pacha mgongoni na mwingine kifuani, alisema, "Si ungeblur hiyo matope, auntie?" Nikamwambia kuna mwalimu Nakuru anataka kuiona. Tope ni kwa sababu ziwa limepanda kidogo. Kidogo tu. Nasi tumesogea kidogo, mahali ni palepale.

Kazi imekuwa nyingi mpaka siku za katikati ya juma. Mwenye duka la vyombo ameniuliza kama napiga harusi. Unaona? Nilitoka nyumbani na begi moja na mtoto mmoja, na leo watu wa harusi wananiuliza.

Naliaka anakusalimu. Amekuwa mwoga siku hizi. Anasema akisimama pale kwenye mafunjo anasikia maji yakipiga chafya nyuma yake. Nilimwambia ashike kibao sawasawa, mwanga unatuacha.

Najwa


Bondeni, Nakuru
22 Juni 2025

Najwa,

Amani kwako. Wote wazima. Salamu zinatosha.

Nimeweka picha mbili kando kwa kando. Ya Machi, mfanyakazi wa gumboots. Ya juzi, Immaculate na pacha wake. Kwenye ya Machi, ndani ya uji ule nyuma yake, naona safu ya nguzo, na ya mwisho ndiyo imelowa. Kwenye ya juzi nguzo zote ziko majini, nyingine vichwa tu. Mwanangu, si ziwa limepanda kidogo. Umewasogeza watu nyuma na maji yanawafuata.

Na lile jiwe. Ulilipita kwenye barua yako kama mtu anayempita mdai barabarani, hukulitaja. Sasa nyuma kunaonekana, nami nimelitazama kwa kioo cha kukuzia. Jiwe lina masikio.

Ni kiboko, Najwa. Amesimama nyuma ya wale pacha anawatazama kama mteja anayengoja zamu. Nilimwita baba yako akatoka dukani bila viatu. Alitazama, akaweka picha chini, akaichukua tena. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba wanyama hao hutoka majini jua likilegea, kula majani.

Jua likilegea! Ni nani aliyekwambia ungoje jua lilegee? Ni nani aliyekwambia wasogeze majini? Nimekaa hapa Bondeni na kalamu yangu nikikusahihisha hatua kwa hatua hadi mdomoni mwake, na mahali penyewe sijapaona. Nafuta yote. Piga mchana. Macho yawe mashimo, choo kionekane, suruali zionekane. Picha mbaya haijaua mtu.

Toka hapo. Njoo studio.

Mastura


Karagita
10 Agosti 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilikaa ofisi ya vifurushi muda mrefu, jina langu lilikuwa limeandikwa vibaya. Nilipoipata nilikasirika, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Nilitaka hasira iishe na haijaisha.

Shangazi, sisi viboko tunaishi nao. Kila mtu wa Kamere anawajua kama nyinyi mnavyowajua paka wa Bondeni. Hujui huku. Umetazama karatasi. Nimemweka Adongo, mvuvi, mtu mzima mwenye akili zake. Anasimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa na filimbi mdomoni. Akiona kitu anapuliza, tunapanda juu, tunacheka, tunarudi. Na kama umesikia redioni habari za watu waliovamiwa na viboko, hayo yalitokea upande mwingine wa ziwa.

Mchana wateja wangu wako shambani. Jioni ndiyo siku yangu. Hapo ufuoni ndipo watu waliponiita mpiga picha. Nyumbani niliitwa mwanamke aliyeachwa, na aliyeniita hivyo si wewe. Unaniambia nije studio. Studio ni yako, ila nyumba ni ya Baba. Aseme yeye. Wewe hunyamazi, yeye hasemi, na mimi nirudi kwa mwaliko wa nani?

Lakini nimekusikia. Nina kazi moja kubwa: Abby na Ephantus, wachumba kutoka Njoro, wanataka picha za kabla ya harusi. Ni tarehe thelathini mwezi huu. Wameona picha zangu na wametaka ziwa lilelile, mwanga uleule. Nikimaliza hiyo natafuta mahali pengine. Naliaka naye amesema hiyo ndiyo ya mwisho kwake, anataka kurudi kwao Kimilili afungue saluni. Nilimwambia avumilie mara moja tu.

Najwa


Bondeni, Nakuru
24 Agosti 2025

Mwanangu,

Amani kwako. Mtoto Mastura ameanza kukaa.

Sitagombana. Maji yakishamwagika hayazoleki, lakini haya hayajamwagika bado, kwa hiyo sikiliza. Hao wachumba wageuze, mgongo wao uwe nchi kavu na uso wao ziwani. Usimwambie mtu "rudi nyuma kidogo". Ukitaka nafasi, miguu ni yako. Mteja asikanyage maji. Wewe usikanyage maji. Sundus asifike hapo kabisa. Tazama nyuma kwanza, kisha pembeni, uso baadaye.

Juzi nilisikia mlango wa studio ukilia, maana ule hata mimi nausikia. Nilikuta Baba yako anafagia. Amepaka mafuta bawaba, na ameleta kiti kidogo cha mtoto kutoka dukani.

Huo ndio mwaliko. Yeye hajui kuandika mwingine. Maliza kazi yako, funga begi.

Mastura


Karagita
3 Septemba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sundus mzima. Mimi mzima. Barua hii anakuletea Adongo mkono kwa mkono, tafadhali mpe chai na usimwache aondoke mikono mitupu; nitakueleza.

Nilimpigia Baba jana. Alipokea haraka kama aliyekuwa ameishika simu. Akaniita jina, mara ya kwanza tangu nitoke, akaniita tena na tena, na mimi nikakata simu. Mwambie nilimsikia.

Nilifanya kama ulivyoandika. Sundus nilimwacha kwa jirani. Wachumba niliwageuza, wakasimama nyasi kavu, viatu vya Abby havikupata hata tone. Mimi nilisimama pakavu. Nilitazama nyuma yao: kilima, mbuzi, hakuna mlingoti. Nilitazama pembeni. Pembeni kulikuwa na kibao cha Naliaka, ncha yake nyeupe inaingia kwenye picha.

Kwa sababu niliwageuza, mwanga ulihitaji kurudishwa kutoka upande wa ziwa. Yeye ndiye aliyekuwa majini. Nilimwambia, "Naliaka, sogea kidogo, unaonekana." Akasogea. Nikamwambia tena. Akageuka akayatazama maji, akanitazama mimi, akasema, "Najwa, hii ndio last, sawa?" Nikasema sawa. Akasogea.

Adongo alikuwa anawatazama wachumba. Sote tulikuwa tunawatazama, walikuwa wazuri mno. Filimbi ililia kiboko akiwa ameshamfikia. Kibao kilielea juu ya maji, cheupe, na kwa muda nilifikiri amekiangusha tu na nikataka kumgombeza. Sitaandika zaidi ya hapo. Walimtoa kesho yake asubuhi.

Ile picha ya mwisho niliitazama. Haina kosa, Shangazi. Wala usiitafutie.

Jana mamake alifika kutoka Kimilili. Mazishi ni Jumamosi huko kwao. Mama wa watu alinishika mkono kwa upole, akaniambia, "Mwanangu, wewe ndio unapiga picha. Nipe moja ya Naliaka tuweke kwa jeneza." Alisema hivyo kama anayeomba kitu rahisi. Simu ya Naliaka ilizama pamoja na kitambulisho, na kule mtandaoni kuna lile ua la waridi tu. Nimefungua kadi zangu zote. Nina nyuso za shamba zima, nina wanaume nisiowajua majina, nina mbuzi. Yeye hamo. Miezi yote hiyo nimesimama naye kila jioni, na nilimtoa vizuri sana.

Za mwanzo nilizifuta uliponiambia. Zimebaki zile ulizonazo.

Fungua mkebe wa biskuti. Mkono uache, kivuli kiache. Natafuta ile ya nusu uso, anapocheka. Mpe Adongo, aje nayo leo hii. Najua duara lako jekundu limempita shavuni. Usijaribu kulisugua, wino ukitoka utatoka na yeye.

Najwa